Funga Vizuri Tu

Wivu wa Bi Posta ulianzia kwenye kabati la sebuleni. Kwa miaka mingi juu ya kabati lile palikaa cheti chake cha utumishi mwema, ndani ya fremu ya dhahabu ya bandia, kikiwakodolea macho wageni tangu wanapovua viatu mlangoni. Siku hiyo alirudi kutoka kazini akakuta cheti kimesogezwa nyuma ya televisheni. Mahali pake imesimama chupa ya mvinyo wa zambarau, mwekundu wa kukolea, na lebo safi yenye jina la mtengenezaji na namba ya leseni.

"Nani kagusa cheti changu?"

"Mimi," mama yake alijibu bila hata kugeuka. "Chupa ya mkwe wangu ilikosa pa kukaa. Hicho cheti chako kila mtu ameshakiona."

Kila mtu ameshakiona! Bi Posta alikwenda chumbani kwake bila kunywa hata maji, akakaa kitandani na viatu vyake vya kazi mkononi. Roho ilimuuma, na hakuona haya kukiri hivyo moyoni. Yeye ndiye aliyekaa dirisha la vifurushi tangu enzi za stempu za kulambwa, mpaka mtaa mzima ukasahau jina lake na kumwita Bi Posta. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, Seremala, akamlipia ufundi, akamnunulia randa ya kwanza. Zamani kijana huyo akirudi kutoka karakana alikuwa akipaza sauti "Dada!" kabla hajafika mlangoni, akieleza habari za siku nzima huku bado kavaa vumbi la mbao. Siku hizi anapita moja kwa moja chumba cha uani, kwa mke wake na mapipa yake ya mvinyo, na anarudi mezani akicheka na ulimi wa rangi ya zambarau.

Mke mwenyewe hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililozidi kuudhi. Angekuwa mvivu, au mwenye mdomo, Bi Posta angejua pa kuanzia. Lakini huyu aliamka mapema, alimwogesha mama mkwe, aliosha mapipa yake, alilipia leseni yake, na alipokutana na Bi Posta koridoni alimpisha kwa tabasamu. Hata mama, ambaye hakuwahi kuonja kileo maishani, alikuwa akigusa ule mvinyo kwa ncha ya ulimi na kusema mikono ya mkwe wake ina baraka. Mikono ya Bi Posta, iliyogonga muhuri nusu ya umri wake, haikuwahi kusifiwa na mtu.

Kisha ikaja habari ya hoteli.

"Wifi," yule mke alisema jioni moja jikoni, akifuta chupa kwa kitambaa, "kuna mwenye hoteli, yuko mbali, mji mwingine. Alionja kwenye harusi fulani akanitafuta. Anataka nimpelekee chupa za kuonja. Akizipenda atakuwa anachukua kila mwezi."

"Hongera," Bi Posta alisema. Neno lilimtoka kama mfupa wa samaki.

"Sasa nikasema, mwenye posta yake si yumo humu humu ndani? Nikuulize wewe. Chupa hizi naweza kuzituma kwa posta?"

Sheria Bi Posta aliijua kama jina lake. Kileo hakipiti posta. Kiwe na leseni, kiwe zawadi ya harusi, iwe chupa moja ya kubeba mfukoni, hakipiti. Husafirishwa na kampuni za mizigo zenye kibali, na mojawapo ilikuwa na ofisi mkabala na posta kabisa, ukitoka mlangoni unaiona. Ingetosha kusema sentensi moja: posta hawaruhusu, wifi, nenda kwa wale wa mkabala. Kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka ili aiseme.

Mama akapitisha kichwa mlangoni. "Msaidie mwenzio, wewe. Kipaji kama hiki kisije kikaozea uani. Kuna watu wamekaa ofisini mpaka wamezeeka na hakuna aliyewatafuta kutoka mji mwingine."

Bi Posta akafunga kinywa. Akakifungua tena.

"Funga vizuri tu," akasema.

Wifi yake alimkumbatia palepale na kitambaa mkononi. "Ndiyo maana nasema, wifi kama wewe sijaona!"

Hakusema ndiyo. Baadaye Bi Posta angejikumbusha hilo mara nyingi, kwamba hakusema ndiyo wala hapana. Na alichokitaka, kwa hesabu yake, kilikuwa kidogo. Huyu wifi aje dirishani mwenyewe na boksi lake. Aulizwe mbele ya foleni, ajibu, arudishwe na mzigo wake akiwa ameinamisha uso. Aonje aibu kidogo, basi, kisha aelekezwe kwa wale wa mkabala. Hakuna mtu anayekufa kwa aibu kidogo.

Maana pale dirishani kulikuwa na swali la lazima. Kabla ya kupokea kifurushi chochote, karani alitakiwa kumtazama mtumaji usoni na kusema: "Ndani kuna kileo?" Na lilitakiwa kusemwa kwa sauti, ili na wa nyuma kwenye foleni wasikie, wenye mambo yao waondoke mapema. Wateja walilizoea. Wazee wengine walikuwa wakijibu kwa mzaha kwamba kileo wameshakibeba tumboni. Jibu likiwa hapana, karani hugonga muhuri. Kama kuna vitu vya glasi, hubandika pia stika nyekundu ya tahadhari, wapakuaji wa kule mbele waushike mzigo kwa adabu.

Siku ya boksi, Bi Posta alivaa blauzi yake nzuri. Aliitazama foleni kila alipopata nafasi, akimtafuta wifi yake. Badala yake akamwona Seremala, shati limejaa unga wa mbao, amekumbatia sanduku dogo la mbao kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Dada!" alisema alipofika dirishani, kwa ile sauti ya zamani, na Bi Posta akatamani kulia. "Mke wangu ana zambarau jikoni, hawezi kuziacha. Nikamwambia mimi nitapeleka, dada yuko pale. Tazama nilivyolitengeneza. Ndani kila chupa ina chumba chake."

Hapo ndipo pa kuuliza. Bi Posta alijua jibu litakuwaje. Seremala hakuwa na kipawa cha uongo. Tangu utotoni akitaka kudanganya hukohoa kwanza, na nyumba nzima inajua. Akiulizwa kama ndani kuna kileo angejibu, "Ndiyo, dada, mvinyo wa mke wangu," kwa majivuno, na boksi lingerudi nyumbani na mambo yangeishia pale.

"Dada, nikuibie siri," Seremala aliinama karibu na kioo. "Hawa wa hoteli wakikubali, tunahama. Tumeshaona nyumba. Ndogo, lakini ni yetu wenyewe, ina uwanja wa mapipa yake na banda la kazi yangu. Mama bado hajui. Nimeona nikuambie wewe kwanza."

Alikuwa akitabasamu. Aliamini kabisa kwamba amemletea dada yake zawadi.

Bi Posta alisikia masikio yakimvuma. Tunahama. Tumeona. Yetu. Watakwenda na kicheko chao, na yeye atabaki na mama na cheti kilicho nyuma ya televisheni. Mtu mmoja nyuma kwenye foleni akaguna kwamba muda unakwenda. Bi Posta alilivuta boksi upande wake. Hakumtazama mdogo wake usoni. Aligonga muhuri kwa nguvu kiasi kwamba kalamu iliruka mezani, akasukuma risiti.

Stika nyekundu hakuibandika. Angeibandikaje, na ili kuibandika lazima kwanza mtu aulize ndani kuna glasi ya nini?

"Anayefuata," akasema.

Boksi lilifika ukumbi wa kupangia vifurushi bila alama yoyote ya kuliombea huruma, na wapakuaji wakalitendea kama gunia la chumvi. Liliwekwa chini kabisa ya toroli, juu yake yakapangwa marobota na vyuma vya pikipiki. Kazi ya Seremala ilikuwa nzuri, ila haikutengenezwa kwa ajili ya hayo. Mpanga vifurushi aliyelikuta alipiga yowe, akidhani ni damu. Mvinyo ulikuwa umelowesha sare za shule za watu, vitabu vya dini, na gauni jeupe la bibi harusi mmoja ambaye, kwa bahati mbaya, alikuwa binti wa wakili.

Mkaguzi alikuja mwenyewe, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, na vigae vya chupa ndani ya mfuko wa plastiki. Lebo ilisomeka vizuri, namba ya leseni na yote. Seremala na mkewe waliitwa. Wakaketishwa kwenye chumba cha nyuma, pamoja na Bi Posta na msimamizi wake, kuzunguka meza ambayo kwa kawaida ilikuwa ya chai.

"Mambo haya hayana mzunguko," mkaguzi alisema. "Kuna njia mbili. Kama karani hakuuliza, kosa ni la karani. Anaachishwa kazi, na mtumaji anaonywa, anakwenda zake. Kama karani aliuliza na mtumaji akadanganya, mtumaji anapigwa faini, analipa na hasara za watu, na leseni hii iliyo kwenye chupa inafungiwa." Akamgeukia Bi Posta. "Mama, ulimuuliza?"

Msimamizi alikuwa akimtazama kwa imani yote. Ndiye aliyemkabidhi kile cheti. Bi Posta aliwaza kazi, akawaza kiinua mgongo kilichokaribia, akawaza mama. Bado angeweza kusema kweli. Lakini macho yake yalishuka, na chini ya ukingo wa meza akaona mkono wa wifi yake umeushika mkono wa Seremala, kidole ndani ya kidole. Hata hapa, hata katika balaa hili, walikuwa wawili na yeye alikuwa mmoja.

"Nilimuuliza," akasema. "Kwa sauti. Akasema ni sharubati."

Seremala aliinua kichwa. Hakukasirika. Alimtazama dada yake kama fundi anavyotazama ubao uliopasuka mahali asipotarajia. Msimamizi akasogeza kikombe chake.

Seremala akakohoa.

"Ndiyo," akasema. "Aliniuliza."

Wifi aligeuza shingo ghafla akamtazama mumewe. Kikohozi kile alikijua vizuri. Na Bi Posta, aliyedhani kwamba duniani amebaki yeye na mama tu wa kukitambua, akaona kwamba hata hicho hakikuwa chake peke yake tena. Wakati ambao mtu mwingine angekuwa anamshukuru Mungu kwa kunusurika, yeye aliona wivu.

"Na wewe mwenye leseni," mkaguzi aliuliza, "hukujua kileo hakipiti posta? Hukuuliza mtu?"

Yule mke alimtazama Bi Posta. Maneno yalikuwa pale pale, yakisubiri kusemwa: nilimuuliza huyu, jikoni, akanijibu nifunge vizuri tu.

"Sikumuuliza mtu," wifi akasema.

Nyumbani, mama alilia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. "Ungemuuliza wifi yako, mwanangu! Mtu wa posta mnalala naye nyumba moja, mnakula naye sahani moja, unashindwaje kumuuliza?"

"Nilighafilika, mama," mkwe wake alijibu.

Bi Posta alisimama mlangoni akisikiliza. Akamfuata jikoni, akamkuta anamimina pipa la mwisho kwenye shimo la maji machafu, kama alivyoamriwa. Jiko zima lilinukia zambarau.

"Wifi," Bi Posta alianza. "Pale ofisini... kwa nini hukusema?"

"Kusema nini?"

"Unajua."

Yule mke aliliinamisha pipa mpaka tone la mwisho. "Leseni yangu imekwenda. Kazi yako nayo ingekwenda, mama angekula nini? Kazi mbili zisipotee siku moja." Akanyanyuka, akajifuta mikono. "Usije ukadhani nimekusaidia, wifi. Nilipiga hesabu tu."

Seremala aliuza mashine yake ya kukatia mbao ili kulipa faini na gauni la binti wa wakili. Akabaki na randa ya mkono, ile ile aliyonunuliwa na dada yake. Habari ya nyumba ndogo yenye uwanja haikutajwa tena. Waliendelea kuishi chumba chao cha uani, na mama, alipoona kabati limebaki wazi, alikitoa cheti nyuma ya televisheni, akakipangusa vumbi na kukirudisha mahali pake.

Kwa hiyo Bi Posta alipata alichokitaka, chote bila kupunguzwa. Ndugu yake yupo. Cheti kipo. Jioni alikaa sebuleni akimsubiri Seremala, na Seremala alikuja, akavua viatu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, dada." Kisha akapita. Hakumkosea adabu hata siku moja. Bora angemkosea, angemtukana, angevunja ile fremu, wakagombana wakapatana. Adabu haina pa kuishika.

Siku moja alimfuata karakana. Akakuta anapiga randa ubao mrefu, jasho linamtiririka, kazi ambayo mashine ingeimaliza kwa kupepesa jicho.

"Mdogo wangu," akasema. "Siku ile... nilitaka kukuambia..."

Seremala alisimamisha randa. Alipuliza vumbi la mbao taratibu. Akakohoa.

"Yamepita, dada," akasema.

Bi Posta alirudi nyumbani kwa miguu, akijuta kwamba anakijua kile kikohozi.

Msimu wa zambarau ulikuja ukapita, zikaanguka na kuchafua barabara bila mtu wa kuziokota. Lakini yule mke hakuwa wa kukaa mikono mapajani. Alikuwa amempigia mwenye hoteli kumwomba radhi kwa mzigo usiofika, na katika kuzungumza akamtajia sanduku alilolitengeneza mumewe. Mwenye hoteli akasema yeye anahitaji masinia ya mbao, je, fundi anaweza? Bi Posta hakuambiwa. Alizisikia habari hizi kwa mama, pamoja na nyingine: kwamba ile nyumba ndogo yenye uwanja bado haijachukuliwa na mtu.

Kisha, asubuhi moja yenye mvua, aliinua macho kutoka kwenye muhuri na kumwona wifi yake mbele ya kioo. Alikuwa amesimama foleni kama watu wengine, zamu yake imefika. Aliweka sanduku la mbao juu ya meza. Nje, chini ya ukingo wa paa, Seremala alikuwa amesimama na mwavuli mmoja mkubwa, akimsubiri mkewe, mgongo ameuelekeza kwenye dirisha.

"Za nyumbani?" Bi Posta alisema, kwa kukosa la kusema, maana wote wawili walikuwa wametoka nyumba moja asubuhi ile.

"Njema."

Bi Posta alilivuta sanduku. "Ndani kuna kileo?" alinong'ona.

"Sijasikia, Karani."

Si wifi. Karani. Bi Posta alitazama uso ule kutafuta chuki, lakini hakuiona. Ulikuwa uso wa mteja anayesubiri kuhudumiwa.

"Nasema... ndani kuna..."

"Kwa sauti, tafadhali. Sheria si inasema kwa sauti? Na wa nyuma wasikie."

Mzee aliyekuwa nyuma na bahasha yake alikuwa na mzaha mdomoni, akauona uso wa Bi Posta, akaumeza. Huko nje Seremala alikuwa amegeuka, anatazama ndani.

"Ndani kuna kileo?" Bi Posta akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi mzima.

"Hakuna. Ni masinia," yule mke alijibu. Alingoja muhuri ugongwe, akaichukua risiti, akaikunja vizuri na kuitia mkobani. Kisha akasogea karibu na kioo, pale pale Seremala alipoinama siku ile kumwambia dada yake siri.

"Umeona?" akasema polepole. "Kumbe ni maneno matatu tu."